Bima ya broka kwa msimamizi mgeni wa nyumba: ichukue, ila anza kuisoma kule nyuma

Nianze na hukumu yangu ili asiye na muda aende zake. Bima hii ya makosa ya kikazi ni afadhali kuwa nayo kuliko kukosa, watu wao wa simu wanajua kazi, na bei inavumilika. Lakini kama leseni yako ya uwakala wa nyumba bado ina harufu ya wino, umejiunga na broka (mwenye leseni ya juu ya nyumba anayekudhamini, si broka wa bima), na siku ya kwanza ukaambiwa "usijali, sisi tuna bima", basi jali kidogo. Naipa nyota tatu kati ya tano. Zile mbili zimeenda wapi, ndiyo habari yenyewe.

Kampuni ya bima sitaitaja, wala broka wangu. Ninayoyalalamikia yamo kwenye mikataba mingi ya aina hii, kwa hiyo hata ukienda kwa mwingine utakutana nayo.

Nafanya kazi Texas. Hapa, ukimtafutia mtu wapangaji kwa malipo, au ukipokea kodi ya nyumba ya familia moja kwa niaba ya mwenyewe, unahitaji leseni ya tume ya serikali inayoitwa TREC. Na leseni ya wakala haikupi ruhusa ya kujitegemea. Lazima awepo broka anayekudhamini, malipo yako yapitie kwake, na ukivuruga, yeye pia anaulizwa. Watu wengi wanaishia hapo na kufurahi: kumbe mzigo ni wa broka! Si hivyo. Mpangaji akienda kwa wakili, wakili huandika majina yote anayoyaona kwenye mkataba, na jina lako ndilo liko chini ya kila barua pepe.

Kuna majimbo, Colorado na Tennessee kwa mfano, ambako mwenye leseni analazimishwa na sheria kuwa na bima ya namna hii. Texas hailazimishi. Maana yake ni kwamba unachokipata ni kile broka alichoamua kununua, kwa kiwango alichokiona kinamfaa yeye. Ndiyo maana niliomba nakala ya mkataba mzima wa bima kabla sijapokea nyumba hata moja. Nilipewa kwanza karatasi moja ya kuthibitisha kwamba bima ipo. Nikaomba tena, kwa adabu, kwamba nataka ule mrefu. Ukaja, na sehemu ya kwanza niliyofungua ilikuwa ya mwishoni, pale wanapoorodhesha wasiyoyalipa.

Juu juu unapendeza. Dai moja linalindwa hadi dola 1,000,000. Usimamizi wa nyumba umetajwa kwa jina lake, jambo ambalo si la kupuuza, kwa sababu mikataba mingine huandikwa kwa ajili ya wauzaji tu na kazi ya kusimamia inabaki nje mpaka mtu aiombe na kuilipia. Ukisahau notisi, ukakosea tarehe kwenye mkataba wa pango, ukamwambia mwenye nyumba jambo lisilo sahihi akapata hasara, hapo ndipo bima hii inapofanya kazi. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi unaanza kwenye dola 5,000. Hizo ndizo za kwanza kutoka mfukoni kabla kampuni haijatoa senti. Mfukoni mwa nani? Mkataba wa bima unasema mwenye bima, yaani broka. Ila mkataba wangu na broka, ule tuliosaini siku ya kujiunga, una kifungu kwenye ukurasa wa sita kinachosema wakala ambaye faili ni lake ndiye atakayelipa. Broka ameshika mpini, mimi nimeshika makali. Sikuona ubaya wa nia, ni biashara. Lakini mgeni akisikia "tuna bima" hafikirii kwamba elfu tano za kwanza ni zake.

Halafu kuna jambo dogo lililojificha ndani ya hilo: gharama za wakili wa utetezi zinahesabiwa kwenye hizo elfu tano, na baadaye zinapunguza lile fungu la milioni. Kwa hiyo dai lisilo na kichwa wala miguu linaweza kukugharimu pesa kamili. Mimi limenikuta.

Mpangaji mmoja aliibiwa vitu, mlango haukuvunjwa. Wakili wake akaandika barua kwa mwenye nyumba, kwa broka na kwangu, akidai mpangaji wa zamani alibaki na ufunguo na sisi hatukubadilisha vitasa. Sheria ya Texas iko wazi kuhusu hili: kila mpangaji mpya anapoingia, vitasa vibadilishwe funguo ndani ya siku 7, kwa gharama ya mwenye nyumba. Nikapiga simu ya madai siku ileile, kwa sababu mkataba wa bima unataka utoe taarifa mapema, na ukichelewa wana sababu ya kukukana.

Aliyepokea aliniuliza swali moja kabla hata ya jina langu kamili. "Umemjibu?"

"Bado."

"Vizuri sana. Usimjibu, usimpe pole, usimuahidi kitu. Mwenye nyumba naye amjibu kupitia kampuni yake ya bima."

Hapa nawapa alama zote. Mtu alikuwa mtulivu, hakunitumia fomu ya kurasa ishirini, na kesho yake wakili alishapangwa. Wakili alitaka vitu vinne: mkataba wetu na mwenye nyumba, mkataba wa pango, picha za siku ya kuingia, na risiti ya fundi wa vitasa. Ile risiti ni kikaratasi cha manjano chenye alama ya dole gumba la mafuta. Fundi ameandika anwani, vitasa vitatu, tarehe, saini. Tarehe ni siku ya pili baada ya mpangaji kuingia. Niliipiga picha palepale mlangoni siku aliponipa, nikaiweka kwenye faili la ile nyumba. Wakili akaituma upande wa pili pamoja na barua ya aya mbili, na lile dai likafa kifo cha kimya.

Baada ya hapo ikaja bili. Saa za wakili zote zilikuwa ndani ya ile elfu tano, kwa hiyo kampuni ya bima haikutoa chochote, na broka akanipelekea hesabu yote mimi. Nilishinda na nikalipa. Ndiyo nyota ya kwanza iliyoondoka. Kuna mikataba ambayo kampuni hulipa wakili tangu dola ya kwanza na zile pesa zako za kwanza za mfukoni zinaguswa tu pale fidia inapotolewa. Ni ghali kidogo zaidi. Kwa kazi ya kusimamia nyumba, ambako barua za mawakili ni nyingi kuliko hukumu za mahakama, ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Nyota ya pili imeondoka kwa sababu ya wakati. Bima hii haiangalii siku uliyofanya jambo, inaangalia siku dai lilipoletwa. Jambo ulifanya mwaka jana ukiwa ndani ya bima, dai limekuja leo bima imekwisha: hakuna malipo. Na nyuma nako kuna mpaka, tarehe ambayo mambo ya kabla yake hayahesabiwi kabisa. Kwa fundi magari hilo huenda lisisumbue. Kwa msimamizi wa nyumba linasumbua mno, kwa sababu madai yetu huchelewa kuiva. Chukua ubaguzi. Sheria ya Marekani ya nyumba ya mwaka 1968 inampa mlalamikaji mwaka 1 kupeleka malalamiko kwenye wizara ya nyumba, HUD, na miaka 2 kufungua kesi mahakamani. Ndani ya miaka miwili wakala mgeni anaweza kuwa amebadilisha broka, au ameacha kazi na kurudi kuendesha lori. Kinachomsaidia ni nyongeza ya kuripoti madai baada ya bima kuisha, na hiyo lazima mtu ainunue. Mkataba wangu na broka ulikuwa kimya kabisa juu ya nani atatoa hiyo pesa nikiondoka.

Na kwa kuwa nimetaja ubaguzi, nikae hapo kidogo, maana ndipo sisi wenyeji wa Kiswahili tunaponaswa kwa urahisi. Wateja wetu wa kwanza ni watu wa nyumbani. Mmoja ni mama mtu mzima, amejinyima miaka mingi akanunua nyumba ya pili, na ananiita mwanangu. Nilipoenda kuchukua funguo, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha, chai kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, hii nyumba rangi ni mpya. Usiniletee watu wenye watoto wadogo, watanichorea kuta. Na ukipata watu wa kwetu, hao ndio uwape."

Kwake ilikuwa ni maelekezo ya kawaida tu. Kwangu yalikuwa maelekezo mawili ambayo nikiyafuata nimevunja sheria mara mbili: la pili limekatazwa tangu 1968 kwa sababu ya asili ya taifa, na la kwanza tangu marekebisho ya 1988 yaliyoingiza familia zenye watoto, pamoja na watu wenye ulemavu. Kuna kitu wengi hawakijui hapa. Mwenye nyumba moja moja anayepangisha mwenyewe, bila wakala na bila tangazo la kibaguzi, ana msamaha fulani kwenye sheria hiyo. Akishamweka wakala, msamaha umeondoka. Yaani kuniajiri mimi ndiko kulikomfanya yule mama abanwe kikamilifu.

Nikamwambia, "Mama, nikifanya hivyo watatushtaki wote wawili, na hii nyumba ndiyo watakayoiangalia." Akanyamaza, akauliza, "Hata kama nyumba ni yangu?" Nikamwambia hata hivyo. Nikamwonyesha karatasi ya vigezo ninayompa kila mwombaji: kipato, historia ya mikopo, historia ya upangaji, rekodi. Texas inatutaka tumpe mwombaji vigezo hivyo kwa maandishi anapopewa fomu ya maombi, na asaini kwamba amevipata. Tukakubaliana kwenye amana na ukaguzi wa kuta siku ya kutoka. Jioni nikamwandikia ujumbe wa heshima unaorudia tulichozungumza, na nikauhifadhi.

Sasa bima inasemaje kuhusu hilo? Inalipa wakili, hadi kiwango kidogo kilichotengwa, sehemu ndogo ya ile milioni. Fidia yenyewe haiko, faini haiko. Kwa maneno mengine, yule mama angepata matakwa yake na mimi ningebaki na deni. Sioni kama ni dhuluma ya kampuni, hakuna anayetaka kulipia ubaguzi wa makusudi, lakini ujue kabla hujasema "ndiyo mama".

Kule nyuma kwenye orodha ya wasiyoyalipa kuna mengine. Mtu kuumia na mali kuharibika: hayamo. Ukungu: haumo. Pesa za amana zilizopotea au kuchanganywa na pesa nyingine: hazimo, na ndiyo sababu sishiki pesa ya mpangaji hata kwa dakika, inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya amana ya broka. Nyumba yako mwenyewe ukiisimamia: haimo. Kibarua cha pembeni ulichomfanyia rafiki bila kupitia kwa broka: hakimo, na hapo unahatarisha na leseni.

Lile la mtu kuumia ndilo linalowashangaza wageni. Ngazi ya nyuma imeoza, mpangaji kaanguka, kavunjika mguu; wakala anafikiri bima yake ya kazi itasimama. Haitasimama. Kinachosimama hapo ni bima ya mwenye nyumba, na inasimama kwa ajili yako ikiwa tu jina la kampuni mnayofanyia kazi limeongezwa humo kama mhusika anayelindwa. Kuongeza jina ni simu moja ya mwenye nyumba kwa wakala wake wa bima, na mara nyingi gharama ni ndogo au hakuna. Mimi sipokei funguo kabla cheti chenye jina letu hakijafika kwenye barua pepe yangu. Wapo walionuna. Mmoja aliniambia broka mwingine hamsumbui hivyo, nikamtakia heri.

Pia hakikisha ni bima ya nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba aliyehama akaacha bima ileile ya kuishi mwenyewe anaweza kukataliwa siku ya dai, na akikataliwa yeye, wote mnaangaliana.

Mafundi nao. Texas hailazimishi mwajiri binafsi kuwa na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Kwa hiyo yule kijana anayepanda paa kwa bei nzuri, akianguka, hakuna anayemngoja chini. Kwa kazi za juu na za umeme natumia wenye vyeti vya bima, na cheti nakipokea kutoka kwa wakala wao wa bima, sikipokei mkononi mwa fundi. Baridi ile ya Februari 2021 ilipopasua mabomba jimbo zima, kila fundi alikuwa dhahabu, na watu waliingiza nyumbani yeyote mwenye spana. Mkataba wa usimamizi tunaotumia sasa una kifungu kinachoniruhusu kutoa pesa za dharura hadi kiasi fulani bila kumngoja mwenye nyumba, na kingine kinachomtaka yeye aweke akiba ya hizo pesa. Bila hivyo, bomba linamwaga na wewe unapiga simu isiyopokelewa.

Kifungu muhimu kuliko vyote kwenye mkataba huo ni kile ambacho mwenye nyumba anakubali kubeba gharama zetu tukishtakiwa kwa jambo lililotokana na nyumba yake, isipokuwa uzembe wetu wenyewe. Soma kama kimetaja broka tu, au broka na mawakala wake. Cha kwetu kilitaja broka peke yake. Nikaomba maneno matatu yaongezwe, na broka wangu, nimsifu, aliyaongeza bila mabishano.

Watu huniuliza kuhusu kufungua kampuni, LLC, kama njia ya mkato. Ina faida zake za kodi na za kutenganisha hesabu. Haikufichi na kosa ulilolifanya kwa mikono yako. Ukimnyima mpangaji haki yake, unashtakiwa wewe binafsi, kampuni au bila kampuni.

Kuhusu amana, kwa kuwa ndiyo chanzo cha barua nyingi: siku 30 tangu mpangaji atoke, ukishapata anwani yake mpya kwa maandishi, uwe umerudisha pesa au umetuma orodha ya makato. Ukizuia kwa nia mbaya, mahakama ya Texas inaweza kukutoza dola 100, mara tatu ya kilichozuiwa kimakosa, na ada ya wakili wa mpangaji. Adhabu ya namna hiyo bima yangu haiigusi. Nimeiweka siku ya 20 tangu mpangaji atoke kwenye kalenda kama mwisho wangu mwenyewe. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 nazo zina karatasi ya tahadhari kuhusu rangi yenye madini ya risasi ambayo mpangaji husaini kabla ya mkataba, na nakala hutunzwa miaka 3. Hayo nayapitia haraka kwa sababu yanafanyika kwa fomu na nidhamu tu, hayana siasa.

Inamfaa nani, basi? Wakala anayesimamia nyumba chache za familia moja, chini ya broka anayepokea simu, hii inatosha. Mwenye majengo ya ghorofa yenye wapangaji wengi aitafute kubwa zaidi, yenye wakili tangu dola ya kwanza. Anayepanga kubadilisha broka ndani ya mwaka aulize kwa maandishi kuhusu ile nyongeza ya baada ya kuondoka.

Mimi nimemwandikia broka barua fupi kabla ya bima kuhuishwa tena. Nimeomba mambo mawili: kile kiwango cha elfu tano tugawane nusu kwa nusu pale ambapo faili linaonyesha nilifuata taratibu, na nyongeza ya kuripoti madai itajwe kwenye mkataba wangu ikiwa na mlipaji. La kwanza amelikubali. La pili amesema atazungumza na watu wa bima wakileta bei mpya, na bei hiyo ikija nitairekebisha hesabu ya nyota hapa.